Kiziwi na Simu, Wapi na Wapi?



Mwezi huu twajibu barua mbili kwa pamoja, ingawa waliotuandikia hawajuani, na kila mmoja ameuliza jambo lake. Ya kwanza imetoka kwa kijana wa Mombasa. Asema kwamba katika kupanga vitu vya marehemu babu yake, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari, amekuta kisanduku cheusi kilicho bapa, chenye taa ndogo ndogo mbele na matundu mawili ya waya wa simu nyuma, na juu yake pameandikwa 56K. Ami yake akamwambia kuwa hiyo ni modemu, na kwamba zamani ilikuwa ikipiga makelele kama paka aliyekanyagwa mkia kila ilipotumiwa. Kijana ataka kujua makelele yale yalikuwa ya nini, na kisanduku kama chafaa kitu leo.

Barua ya pili yatoka Pangani, kwa mama ambaye binti yake ni kiziwi tangu alipopata homa akiwa na miaka miwili. Binti amesoma katika shule ya viziwi, na mwaka huu mjomba wake amemnunulia simu ya mkononi. Majirani wamecheka. Wamesema, "Kiziwi na simu, wapi na wapi?" na mmoja wao amemshauri mama aiuze simu hiyo, anunue kitu cha maana. Mama atuuliza kama majirani wasema kweli. Barua yenyewe, ametueleza, imeandikwa kwa mkono wa binti huyo huyo, kwani yeye mama hajui kuandika. Na mwandiko wake, twakiri, ni mzuri kuliko wa wengi wanaotuletea makala.

Jawabu la barua zote mbili limo katika habari moja, nasi twapenda kuianza mwanzo wake.

Aliyepewa hati na Serikali ya Marekani kwa ajili ya simu ya kusemea, tarehe 7 Machi 1876, ni Alexander Graham Bell. Hayo watu wengi wayajua. Wasilolijua wengi ni kuwa kazi ya Bwana Bell ilikuwa kufundisha viziwi katika mji wa Boston. Mama yake mzazi alikuwa mzito wa kusikia. Mkewe, Mabel Hubbard, ambaye kwanza alikuwa mwanafunzi wake, alikuwa kiziwi kabisa tangu utotoni kwa sababu ya homa, kama binti wa Pangani. Walipooana mwezi wa Julai 1877, Bwana Bell alimpa mkewe hisa zake katika kampani mpya ya simu, hisa 1,487 kati ya 1,497 alizokuwa nazo. Basi fikirini jambo hili: bibi yule akawa mwenye mali kubwa katika simu za Marekani, na simu yenyewe akiiweka sikioni haimwambii neno.

Neno hili simu, kwa asili yake, ni la Kifarsi, na maana yake ni waya. Wazee wetu walilitumia kwa telegrafu kabla hawajalitumia kwa telefoni, na ndiyo maana mtu aliweza kusema "nimepata simu" naye ameshika karatasi mkononi. Katika simu ile ya maandishi kiziwi hakuwa na upungufu wowote; habari ilifika, akaisoma kama aisomavyo mwingine. Ilipokuja simu ya kusemea ndipo alipofungiwa mlango.

Na mlango huo ulifungwa taratibu, pasi na mtu kukusudia ubaya. Simu ilipokuwa ajabu ya matajiri wachache, kiziwi hakukosa kitu kikubwa. Lakini ilipokwisha kuingia katika kila duka na kila ofisi, hata daktari akawa haonekani illa kwa miadi ya simu, na kazi haipatikani illa kwa kupigiwa simu, kiziwi alibaki nje. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, akitaka kumwita daktari usiku, ilimbidi avae viatu akagonge kwa jirani. Akitaka kuzungumza na benki juu ya deni lake, ilimlazimu amwombe mwanawe mdogo awe ulimi na sikio lake, na mtoto akalijua deni la baba. Sisi twaona kuwa katika taabu zote za kiziwi, hii ya kukosa siri ndiyo nzito, wala haitajwi sana. Hali ilikwenda hivyo kwa muda wa miaka karibu 90.

Aliyeufungua mlango ni kiziwi mwenyewe. Robert Weitbrecht alizaliwa California mwaka 1920, akasoma elimu ya nyota na fizikia, kisha akafanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Tena alikuwa na leseni ya kurusha redio kwa kujifurahisha, na kwa njia hiyo alikuwa akiandikiana na watu wa mbali kwa teleprinta, yaani taipu ile kubwa ya chuma ambayo ukigonga herufi hapa, herufi iyo hiyo hupigwa chapa kwenye mashine ya mwenzako huko aliko. Kiziwi mwingine, James Marsters, daktari wa kunyosha meno katika mji wa Pasadena, alimwendea akitaka ipatikane njia ya kufanya hayo hayo kwa simu ya kawaida, ile iliyomo katika kila nyumba.

Jambo hilo ni jepesi kulitamka. Ugumu wake ni huu. Teleprinta husema kwa umeme kuwaka na kuzimika. Kila herufi imepewa alama tano, na kila alama ni ama "ndiyo" ama "siyo". Na kwa kuwa alama tano za namna hiyo hupangika kwa njia 32, zatosha kwa herufi zote za Kizungu, na kwa tarakimu pia ukiweka ufunguo wa kubadilishia. Mpango huu ulitokana na kazi ya Mfaransa Émile Baudot, miaka ya 1870. Lakini umeme wa kuwaka na kuzimika haupiti katika mitambo ya simu ya kusemea. Mitambo ile ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mwanadamu, tena si sauti yote: hupitisha mitikisiko tokea 300 hivi mpaka 3,400 hivi kwa sekunde, na iliyo chini au juu ya hapo hukatwa. Ndiyo sababu sauti ya mtu katika simu si sawasawa na sauti yake barazani. Mlango wa simu una bawabu, na bawabu hamruhusu kupita illa aliyevaa kanzu ya sauti.

Basi Bwana Weitbrecht akauvika ujumbe kanzu hiyo. "Ndiyo" akaifanya mlio wa mitikisiko 1,400 kwa sekunde, na "siyo" akaifanya mlio mwembamba zaidi, wa mitikisiko 1,800. Chombo cha upande wa pili kikiusikia mlio mmoja au mwingine, huugeuza tena kuwa umeme wa kuwaka na kuzimika, na teleprinta ikaandika. Kuupandisha ujumbe juu ya mlio, na kuuteremsha tena: hiyo ndiyo modemu, na jina lake si kitu illa vipande vya maneno mawili ya Kiingereza yenye maana hizo, vilivyounganishwa.

Weitbrecht hakuwa wa kwanza katika fani hii. Jeshi la Marekani lilikuwa likipeleka habari za rada kwa nyaya za simu tangu miaka ya 1950, na mwaka 1962 kampani kubwa ya simu ya huko, AT&T, ilitoa modemu ya kompyuta yenye kupitisha alama 300 kwa sekunde. Walakini vyombo hivyo vilikuwa vya jeshi na vya makampani. Cha Weitbrecht kilikuwa cha mtu nyumbani kwake.

Palikuwa na kizuizi kingine, nacho hakikuwa cha elimu. Kwa kanuni za AT&T haikuruhusiwa mtu kuunga katika waya wa simu chombo chochote kisichotoka kwao. Walikuwa wakali hata katika mambo madogo. Paliwahi kuuzwa kikombe cha kufunika mdomo wa simu, ili aliye karibu asisikie maneno. Kampani ikakipinga, kesi ikafika mahkama ya rufani mjini Washington, na mwaka 1956 kampani ikashindwa. Kikombe chenyewe hakikuwa hata na umeme ndani yake! Kwa hiyo Bwana Weitbrecht hakuugusa waya. Alitengeneza kitako chenye vikombe viwili vya mpira. Mwenye simu hukiinua kishikio chake akakilaza humo, upande wa sikio katika kikombe kimoja na upande wa mdomo katika kingine. Modemu ikapiga mlio wake hewani, mbele ya mdomo wa simu, kama mtu asemaye; na mbele ya sikio la simu ikatega kama mtu asikilizaye. Simu haikuwa na njia ya kujua kuwa imwambiaye si mwanadamu. Ulikuwa ujanja, lakini ujanja wa halali. Mwaka 1964 viziwi wa California wakaanza kuandikiana kwa simu, na katika mwaka uo huo Weitbrecht, Marsters na mwenzao Andrew Saks wakaanzisha kampani ya kuvitengeneza vyombo hivyo.

Teleprinta mpya zilikuwa ghali, basi walizitafuta kuukuu, zilizotupwa na jeshi na zilizolala katika vyuma chakavu, wakazisafisha na kuzitia mafuta. Mwaka 1968 AT&T wenyewe walikubali kuzitoa zile zao za zamani, na viziwi wakaunda chama cha kuzigawa. Ni mwaka huo huo Serikali ya Marekani, katika shauri la mtu wa Texas aitwaye Carter, ilipoamua kuwa vyombo vya wengine visivyodhuru mitambo vyaweza kuungwa na simu. Basi katika sebule za viziwi zikaingia mashine nzito za chuma zenye kunguruma na kutikisa sakafu. Kelele zake hazikuwaudhi wenye nyumba. Majirani ndio waliozijua. Na kwa kuwa kengele haisikiki, simu iliungwa na taa, ikawa kila inapolia taa yawaka na kuzimika, na mwenyewe akiwa jikoni aiona ukutani.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa na adabu zake. Mashine hazikuweza kusema zote mbili kwa wakati mmoja, basi kila aliyemaliza fungu lake aliandika herufi G na A, kifupi cha maneno ya kumwambia mwenziwe, "Haya, sema wewe". Na ya kuagana yalikuwa S na K. Mwendo wake ulikuwa herufi sita hivi kwa sekunde. Mlango ukibamizwa chumbani, kishindo huingia katika vikombe vya mpira, na katika karatasi hutokea herufi ambayo hakuiandika mtu. Yote hayo walivumilia, na waliotuhadithia habari za zama zile katika vitabu hawasimulii kelele wala kukawia, wasimulia jinsi mtu alivyozungumza na rafiki yake usiku bila ya mtu wa tatu kuwamo.

Sasa tumrudie kijana wetu na kisanduku chake. Vikombe vile vya mpira vilitumika katika kompyuta pia kwa miaka mingi, mpaka modemu zikaruhusiwa kuungwa moja kwa moja na waya. Mwaka 1981 ilitoka ya Hayes, ambayo kompyuta yenyewe iliweza kuiamuru ipige namba na kukata. Mwendo nao ukapanda: alama 9,600 kwa sekunde mwaka 1984, 28,800 mwaka 1994, na mwaka 1998 alama 56,000, tena hizo za mwisho kwa upande wa kupokea tu. Ndiyo maana ya 56K juu ya kisanduku. Tuseme ukurasa mmoja wa herufi 3,000. Teleprinta ya viziwi yaupeleka kwa dakika nane na zaidi. Modemu ya mwaka 1962 kwa sekunde 100. Na kisanduku cha babu chaupokea kwa nusu ya sekunde hivi.

Huenda mtu akauliza, waya ni ule ule na bawabu ni yule yule, ziada yatoka wapi? Yatoka katika kukifanya kila kipigo kibebe maana nyingi. Mpiga ngoma ajuaye vipigo viwili tu, kizito na chepesi, humpasa apige mara nyingi kusema neno moja; ajuaye vipigo 16 vilivyo mbalimbali husema mengi kwa kupiga machache, mradi msikilizaji awe na sikio la kuvipambanua. Kwa hakika hapo ndipo ulipo mpaka. Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwa hesabu, mwaka 1948, kwamba kila njia ina kadiri yake ambayo haiwezi kupitisha zaidi bila ya makosa, na kadiri hiyo yatokana na upana wa njia na wingi wa vurugu iliyomo. Mafundi wa modemu walikaa miaka 50 wakiukaribia mpaka huo hatua kwa hatua.

Na yale makelele ya paka? Hayo yalikuwa maamkizi. Kwetu pwani mtu haingii katika nyumba ya watu akaanza na haja yake. Husalimu, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na katika kujibiwa akajua mwenyeji wake ana hali gani leo. Modemu hufanya mfano wa hayo. Inayopigiwa huitika kwa mlio mrefu wa mitikisiko 2,100, ambao pia huviambia vyombo vya kuzuia mwangwi vilivyo njiani vikae kando. Kisha zote mbili huambizana zajua mitindo gani ya mazungumzo, hupiga milio ya kuupima waya, mzito kwa mwembamba, zisikie upi wafika mzima na upi wafika umedhoofika, na mwishowe huafikiana mwendo ambao waya wa siku ile waweza kuuchukua. Waya ukiwa mbovu, kama ziwavyo nyaya zilizoingia maji ya masika, hukubaliana kwenda polepole. Ule mvumo wa mwisho, kama mvua juu ya bati, ni ujumbe wenyewe umekwisha kuanza. Vipigo vimekuwa vingi hata sikio letu halivitengi tena. Hapo kisanduku hukizima kipaza sauti chake, na watu wa nyumbani wakapumzika.

Twaongeza moja tu juu ya hayo. Radi ikipiga, au waya ukikwaruza, alama moja yaweza kugeuka njiani, na "ndiyo" ikawa "siyo". Kwa hiyo modemu za baadaye zilifanya kama karani wa duka: kila fungu la alama lilifungwa kwa hesabu yake chini, na mpokeaji akijumlisha akaona hesabu hailingani, hulirudisha fungu hilo lipelekwe upya.

Kisanduku chako, ewe kijana, hakitakufaa kwa kazi yake ya zamani. Chataka waya wa simu ya nyumbani, na nyaya hizo zimepungua sana katika miji yetu. Na chataka modemu nyingine ya kukiitikia, nayo ni shida kuipata. Kiweke kwa kumbukumbu ya babu. Lakini usidhani kuwa modemu imekufa. Kile chombo kiletacho intaneti nyumbani ni modemu, japokuwa kanzu yake si ya sauti tena. Na ndani ya kila simu ya mkononi imo modemu, ndogo kuliko ukucha, ambayo hupandisha ujumbe juu ya mawimbi ya redio na kuuteremsha.

Imo, basi, katika simu ya binti wa Pangani. Na hapa twamjibu mama. Majirani zako, bibi, wamekosea, tena wamechelewa kwa miaka 60. Viziwi walikuwa wakitumia simu tangu mwaka 1964, na baadhi ya kazi iliyoifikisha modemu majumbani ni kazi ya mikono yao. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1990 iliyalazimu makampani ya simu kuweka watu wa kati, wa kumsomea asikiaye maneno aliyoyaandika kiziwi na kumwandikia kiziwi majibu. Viziwi wetu hawakuipitia teleprinta. Waliruka wakaangukia kwenye simu ya mkononi na ujumbe wake wa maandishi, ambao wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Leo wanaandikiana, na penye mtandao mzuri huonana usoni na kuongea kwa lugha ya alama kwa mikono yao wenyewe.

Mwambie mjomba aitengeneze simu hiyo itetemeke na iwake taa badala ya kulia, na usiku binti ailaze chini ya mto. Liko jambo ambalo simu yake haitaweza kulitatua. Maduka yetu, zahanati zetu na hata ofisi za serikali huandika mlangoni namba ya kupiga, na ujumbe wa maandishi ukipelekwa kwa namba hiyo aghalabu haujibiwi. Twawaomba wasomaji wetu wenye maduka na ofisi waujibu. Yule aliyeandika huenda hana njia nyingine.

Kisha twarudi kwa mama mwenyewe. Binti akienda Tanga kwa kazi au kwa masomo, naye akaandika kuwa ni mgonjwa au hana nauli, nani atausoma ujumbe wake hapo nyumbani? Itakuwa ni jirani yule yule aliyecheka, na siri ya mama na mwanawe itapita kinywani mwake. Kwa hiyo, pamoja na makala haya, tumempelekea mama jawabu lake kwa posta, tumeliandika kwa herufi kubwa na nafasi pana kati ya mistari, ili binti akae naye jioni amwonyeshe kwa kidole, herufi moja moja.